Madirisha yanavuja, na aliyeyaweka ni shemeji yangu

Shikamoo mzee wangu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kigamboni, upande wa baharini. Kutoka nyumbani hadi ufukweni ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nyumba tulihamia miaka minne iliyopita ikiwa haijaisha, tukaimalizia tukiwa ndani. Ina madirisha nane: sita ya futi 5 kwa 5, na mawili madogo ya futi 2 kwa 2, la jikoni na la chooni. Yote ni ya aluminiamu ya kuslaidi, vioo vya tinti ya bluu, grili za nondo kwa nje.

Aliyeyaweka ni mdogo wake mume wangu. Wakati ule ndiyo kwanza anaanza kazi ya aluminiamu, na ndugu wote tulikubaliana tumpe ile kazi apate pa kuanzia. Sikuwa na kinyongo, na hadi leo sina. Lakini madirisha yenyewe yamenishinda.

Matatu yanatazama baharini, mawili ya sebuleni na moja la chumbani kwetu. Mvua ya masika ikija na upepo, maji yanaingia ndani. Nimetandika matambara kwenye reli, na usiku naamka kuyakamua kwenye ndoo halafu nayarudisha. Plasta chini ya dirisha la sebuleni imevimba na rangi inabanduka kama magamba ya samaki. Dirisha la chumbani nalisukuma kwa mikono miwili ndipo lisogee, na upepo ukivuma linagonga usiku kucha. Kwenye fremu pameota unga mweupe, na kila penye skrubu kutu imechuruzika chini kama chai.

Chumba cha watoto kiko upande wa machweo. Mchana kikishapigwa na jua, usiku hakilaliki. Watoto wanashuka kitandani wanalala sakafuni kwenye mkeka. Neti za madirisha zimechanika pembeni, na mdogo wao ameugua malaria mara mbili mwaka huu.

Sasa nimepata mgao wangu wa kikoba, shilingi 3,500,000. Nataka nibadilishe yote nane. Duka moja limenitajia 3,160,000, ya kuslaidi tena, ila wanasema profaili yao, yaani vile vipande vya aluminiamu vinavyounda fremu, ni nene. Mume wangu anasema kazi apewe mdogo wake, ambaye ametaja 1,900,000. Dada yangu aliyeko Uingereza ananiambia nisikubali dirisha lolote lisilo na vioo viwili viwili, kwake ndivyo wanavyotumia wote. Nikimkataa shemeji, naogopa mama mkwe ataona nimetia fitina kati ya ndugu. Nikimkubali, naona nitaendelea kukamua matambara.

Nisaidie mzee wangu.

Mama Nasra, Kigamboni

*

Marahaba, mwanangu Mama Nasra.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na pale unapoamka usiku kukamua matambara nimesimama. Nimefanya kazi ya madirisha zaidi ya miaka thelathini, kwanza ya mninga na mkongo, baadaye aluminiamu, na nyumba za namna hiyo nimeingia nyingi. Mwenye nyumba anakuonyesha dirisha, mimi naangalia ukuta chini yake. Ukuta ndio unaosema kweli.

Kwanza nikuombe jambo moja: usinunue madirisha nane. Huhitaji. Yako matatu yanayotazama bahari na moja la watoto, hayo manne yabadilishwe, na yabadilishwe vizuri. Manne yaliyobaki yanaweza kutengenezwa kwa fedha kidogo yakakaa miaka mingine. Fedha uliyonayo ukiitandaza kwenye nane utapata nane ya wastani. Ukiikusanya kwenye manne, utapata manne yatakayokufaa hadi Nasra aolewe.

Lakini kabla ya hata shilingi moja kutoka, tafuta maji yanaingilia wapi. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Wanang'oa dirisha, wanaweka jipya la bei kali, masika inarudi na maji yanarudi, kwa sababu njia ya maji ilikuwa kwenye ukuta.

Chagua siku ya jua. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji, au ndoo na kopo kama mpira hakuna. Anzeni chini, chini kabisa. Mwageni maji polepole kwenye kizingiti cha nje, pale fremu inapokalia tofali, kwa dakika tano au zaidi, bila kugusa kioo. Kama wa ndani anaona unyevu unatokea chini ya dirisha, basi maji yanapita chini ya fremu. Kama ni pakavu, pandeni kwenye reli. Jazeni maji ndani ya reli yenyewe na mngoje. Reli nzuri inayatoa nje kupitia matundu madogo yaliyotobolewa upande wa nje. Yakituama kama kwenye sahani, mmempata mwizi wa kwanza. Kisha pandeni ubavuni, halafu juu, mwisho kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha. Msianzie juu hata kidogo, kwa sababu maji ya juu yanashuka kila mahali na hamtajua yamepenya wapi.

Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani mtakuta mawili. La kwanza ni hayo matundu. Dirisha la kuslaidi limeundwa likijua kwamba maji yataingia kwenye reli, kwa hiyo lazima yapewe pa kutokea. Fundi mchanga mara nyingi anasahau kuyatoboa, au anayatoboa halafu mpiga plasta anakuja kuyaziba. Maji yakishajaa relini, upepo wa kusi unayasukuma ndani kama mtu anayapuliza kwa mdomo. Hayo ndiyo maji ya matambara yako. Kwenye yale manne ya kubaki, matundu mawili au matatu kwa kila reli, magurudumu mapya, raba mpya na ile brashi ya manyoya pembeni vinatosha kuyaponya, mradi fremu yenyewe ikae sawa. Ni kazi ya siku moja au mbili.

La pili ni kizingiti. Nenda nje sasa hivi ukakiweke kiganja. Je, kimeinamia nje, kimelala sawasawa, au kimeinamia ndani? Kikilala sawa, maji yanakaa pale yakitafuta ufa. Kizingiti kinatakiwa kiteremke kuelekea nje, kitokeze kidogo mbele ya ukuta, na chini ya ncha yake kuwe na mfereji mdogo ili tone likifika lidondoke badala ya kurudi kufuata ukuta. Mfereji huo unachorwa kwa ncha ya mwiko au kipande cha nondo sementi ikiwa mbichi. Ile plasta yako iliyovimba sebuleni inanionyesha kwamba maji yanapita ndani ya ukuta, hayapiti relini tu. Kizingiti kisiporekebishwa, plasta itavimba tena chini ya dirisha jipya.

Sasa tuje kwenye dirisha lenyewe, na hapa sitakubaliana na duka wala na shemeji yako, kwa maana wote wawili wamekutajia la kuslaidi. Dirisha la kuslaidi la futi 5 kwa 5 lina futi za mraba 25, lakini ukilifungua lote, kioo kimoja kinasimama nyuma ya kingine na upepo unapita nusu tu. Nusu nyingine ni kioo kimefungwa siku zote za maisha yake. Katika mji wenye joto na unyevu kama Dar es Salaam, kwenye nyumba isiyo na kiyoyozi, hiyo ni hasara kubwa. La bawaba linafunguka karibu lote. Tundu la ukutani ni lilelile, tofali hujagusa, na upepo unakaribia mara mbili. Tena la bawaba linapofungwa linakandamiza raba kuzunguka pande zote nne, wakati la kuslaidi linategemea manyoya yanayochakaa. Mvua ya upepo inazuiwa na raba iliyokandamizwa.

Kwa upande wa bahari ningependelea la kusukuma nje lenye bawaba juu, maana unaweza kuliacha wazi kidogo hata mvua ikinyesha na kioo kikawa kama mwavuli. Lakini mikono yake ya kushikilia iwe imara na ya steinlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, la sivyo upepo utalipiga hadi livunjike.

Najua swali lako linalofuata: na grili? Kweli, grili zako ziko nje, na dirisha la kufungukia nje litazigonga. Ndiyo sababu mafundi wengi wanakimbilia kuslaidi, linakwepa tatizo la grili. Dawa yake ni kuzihamishia ndani. Wakumbuke wazee walivyojenga: nyumba nyingi za zamani za mjini zina dirisha la kufungukia nje, nondo kwa ndani, na neti kwenye fremu yake ya bawaba upande wa chumbani. Unafungua neti, unapitisha mkono kwenye nondo, unasukuma dirisha. Mwite mchomeleaji azing'oe zile nne, azisugue kutu, azipake rangi ya kuzuia kutu na azifunge ndani. Wakati yuko kazini, grili moja ya chumba cha watoto aifanye ya kufunguka, na ufunguo utundikwe kwenye msumari ambao mtoto mkubwa anaufikia gizani. Moto ukizuka mlangoni, nondo zinazomzuia mwizi zinamzuia na mtoto asitoke. Hili nakusihi usiliache.

Ule unga mweupe na ile kutu kama chai ni chumvi ya bahari. Aluminiamu tupu au iliyopakwa rangi hafifu inaliwa na chumvi, na skrubu ya chuma cha kawaida ikikaa ndani ya aluminiamu kwenye hewa ya bahari, metali mbili zinatafunana. Kwa hiyo kwenye mkataba andika skrubu na bawaba za steinlesi, na kwa umbali wenu na bahari omba ile ya daraja la 316, inayovumilia chumvi zaidi. Nenda dukani na sumaku ndogo. Skrubu ya chuma itarukia sumaku, na steinlesi hizi hazishiki, au zinashika kwa unyonge. Rangi ya fremu iwe ya poda iliyochomwa kiwandani, si ya kupuliza kwa mkono.

Unene wa profaili usiupokee kwa maneno. Kila duka linasema yake ni nene. Omba kipande kilichokatwa, upime ukuta wake kwa kifaa cha kupimia unene, ambacho fundi yeyote wa maana anacho. Kwa dirisha la futi 5 linalopigwa na kusi, mimi singekubali chini ya milimita 1.4. Dirisha linalogonga usiku kucha kwa kawaida ni profaili nyembamba au magurudumu yaliyoliwa, na kwako nahisi ni vyote viwili. Kuna na profaili za plastiki ngumu zenye chuma ndani. Chumvi haizisumbui, na kama utaipata iliyotengenezwa kwa jua kali, nyeupe, usiikatae. Ila hakikisha fundi amewahi kuifunga, maana kazi yake si sawa na ya aluminiamu.

Silikoni. Wengi hawajui kwamba ziko za aina mbili. Ile inayonuka siki ikifunguliwa haishikani vizuri na sementi, na inadhuru metali. Wewe unataka isiyonuka siki, inayokubali sementi na aluminiamu. Fundi akiifungua, nusa. Pia soma tarehe kwenye mrija, kwani iliyopitwa na muda haikauki vizuri. Na kama anajazia povu kati ya fremu na ukuta, povu hilo lifunikwe kwa plasta au silikoni. Likiachwa wazi, jua linalila na linakuwa vumbi.

Kioo kwa ukubwa huo kiwe cha milimita 5 au 6. Kama kuna dirisha linaloshuka karibu na sakafu ambapo mtoto anaweza kuangukia, hapo weka kioo cha usalama, kinachovunjika vipande vidogo butu. Hicho kinaagizwa kwa kipimo kamili, hakikatwi tena baadaye.

Dada yako wa Uingereza anakutakia mema, na kwake yeye amesema kweli tupu. Kule wanafunga madirisha miezi mingi, wanalipia joto la ndani, na vioo viwili vyenye nafasi katikati vinazuia joto hilo lisitoroke. Wewe unataka joto litoke. Madirisha yako yatakuwa wazi mchana na usiku, na dirisha lililo wazi halina faida ya kioo cha pili. Kama siku moja mtaweka kiyoyozi chumba kimoja, tutazungumza upya. Kwa sasa fedha hiyo ipeleke kwenye kivuli.

Kivuli ndicho chumba cha watoto kinachokililia. Saa kumi jioni weka kiganja kwenye kile kioo cha bluu. Kitakuwa cha moto kama sufuria. Tinti inakunywa jua, inapata moto yenyewe, halafu inautapika ule moto ndani hata baada ya jua kuzama. Pazia la ndani nalo linachelewa, joto limeshaingia. Jua la machweo liko chini, linapiga moja kwa moja, kwa hiyo hata kibaraza cha juu ya dirisha kinasaidia kidogo tu kwa upande huo. Linazuiwa kwa kitu kilichosimama wima nje ya kioo, na kinachopitisha upepo. Siku ukienda Zanzibar, tazama madirisha ya Mji Mkongwe: mabawa ya mbao yenye vipande vilivyolazwa mshazari, jua linabaki nje, upepo unaingia. Wewe si lazima ununue mbao. Pazia la mianzi lililotundikwa nje, hatua moja kutoka ukutani, linalokunjwa asubuhi na kushushwa saa saba mchana, litabadilisha chumba kile kwa fedha ambayo haifiki robo ya dirisha. Na kwenye dirisha jipya la watoto weka kioo cheupe. Kwa pazia hilo huhitaji tinti.

Neti iwe kwenye fremu ngumu inayobana pande zote, siyo ile ya kubandikwa na gundi. Juu ya malaria ya mwanao, sikuandikii kama daktari. Lakini mwaka 2009 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Gambia, ambapo nyumba zilizowekwa neti milangoni na madirishani na kuzibwa mianya ya chini ya paa ziliingiza mbu wa malaria pungufu kwa zaidi ya nusu, na watoto waliolala humo walikuwa na upungufu wa damu kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo ukishafunga neti, inua macho, tazama kama pana mwanya kati ya ukuta na bati, uzibe kwa wavu. Chandarua kitandani kiendelee kama kawaida.

Nije kwenye hesabu. Kuna wanaotaja bei kwa futi ya mraba na wengine kwa mita ya mraba, na mita moja ya mraba ni karibu futi 10.8, kwa hiyo usilinganishe kabla hujaweka kwenye kipimo kimoja. Madirisha yako yote nane ni futi za mraba 158. Duka limekutoza shilingi 20,000 kwa futi, yaani 500,000 kwa kila dirisha kubwa. Shemeji ametaja kama 12,000, na kwa bei hiyo sioni namna ya kupata profaili nene, steinlesi na kioo cha milimita 5. Atarudisha yaleyale, si kwa ubaya, ni kwa sababu bei hairuhusu. Manne makubwa kwa bei ya duka ni 2,000,000. Ya bawaba yatazidi hapo kwa sababu ya vyuma vyake, na bado utabaki na akiba ya kuhamisha grili, kusahihisha vizingiti, pazia la mianzi na matengenezo ya yale mengine. Fremu za zamani usimwachie fundi bure. Wanunuzi wa skrepa wanapima aluminiamu kwa kilo.

Sasa shemeji.

Nimeliweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ukilianza bila kujua maji yanaingilia wapi, litakuwa ni ugomvi wa nani mbaya. Kijana alipewa kazi akiwa mwanafunzi, na ninyi mlimpa mkijua. Asihukumiwe kama fundi aliyewadanganya. Lakini pia huruma yenu isimwache palepale alipokuwa miaka minne iliyopita, maana hiyo nayo si kumpenda.

Ushauri wangu: siku ya kumwaga maji, mwiteni. Mumeo ndiye amwite, na mumeo ndiye ashike mpira. Shemeji akae ndani na tochi. Wewe pika chai, na usiseme neno kuhusu matambara. Aone mwenyewe maji yanavyotuama relini. Fundi mwenye moyo wa kazi akiona hivyo atajua, na hutahitaji kumwambia. Hapohapo mumeo ampe kazi ya yale manne yanayobaki: kutoboa matundu, magurudumu, raba, kubana upya. Mlipeni kama mnavyomlipa fundi yeyote, si kwa mkate na soda. Kazi hiyo hata akikosea inarekebishika, na ndani yake atajifunza zaidi kuliko alivyojifunza akifunga mapya.

Akiifanya vizuri, mkajaza maji na yakatoka, mpeni na dirisha la watoto, kwa profaili na vyuma mlivyonunua wenyewe. Upande ule haupigwi sana na mvua ya kusi. Matatu ya baharini yafungwe na fundi mzoefu aliyekwisha kufunga ya bawaba kwenye nyumba zilizo karibu na bahari, na uende ukaione nyumba mojawapo baada ya miaka miwili ya chumvi. Mwombe fundi huyo akubali shemeji yako asimame naye siku hizo kama msaidizi. Wengi wanakubali, mikono ya kubeba kioo inahitajika. Hapo mama mkwe hana la kukulaumu, kwa kuwa mwanawe hakufukuzwa, ameongezewa kazi na mwalimu.

Maneno yote haya ayaseme mumeo kwa ndugu yake, na kwa mama yake. Yakitoka kinywani mwako, hata yakiwa matamu, yatasikika kama ya mke anayetenga ndugu. Kaa naye kwanza peke yenu, mweleze kama ulivyonieleza mimi, umwonyeshe na hesabu.

Na yeyote atakayefunga, ndugu au mgeni, pawepo na karatasi. Iandikwe unene wa profaili, kioo milimita ngapi, skrubu gani, silikoni gani, siku ngapi. Usilipe yote mwanzoni. Toa ya vifaa kwa awamu, na kipande cha mwisho kitoke baada ya kumwaga maji kwa dakika kumi kwenye kila dirisha na ndani kukawa kukavu. Fundi anayekataa sharti hilo mshukuru na umwache aende. Vipimo vichukuliwe sehemu tatu kwa upana na tatu kwa urefu, kinachofuatwa ni kidogo kuliko vyote. Kabla fremu haijakazwa, pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, iwekwe, na ulalo wa kona kwa kona ulingane kwa pande zote mbili. Wang'oe dirisha moja na kulifunga jipya siku hiyohiyo, wasivunje yote manne mkalala wazi.

Wakati wa plasta, fremu zifunikwe kwa nailoni. Sementi mbichi inaunguza aluminiamu na kuacha madoa yasiyotoka. Na mtu asije na ile asidi ya kusafishia vigae akaosha nayo madirisha. Nimeona fremu mpya kabisa zimeharibiwa kwa dakika kumi na kijana aliyedhani anasaidia. Baada ya hapo kazi yako ni ndogo: kila wiki mbili, hasa msimu wa upepo, yamwagie maji yasiyo na chumvi kuondoa chumvi ya bahari, ukapanguse na reli.

Fanyeni kazi hii kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa chache na plasta ikapata kukauka, kabla ya vuli. Mpira wa maji kama huna, azima kwa jirani Jumamosi hii, na uniandikie mlikuta maji yanapita wapi.